Maji Madogo ya Wageningen

Wageningen ni mji wa wakulima. Uko Uholanzi, ndani bara, kando ya mkono mmoja wa mto Rhine, na anayeutaja kwa kawaida anataja chuo kikuu chake cha kilimo: mbegu, udongo, mifugo, magonjwa ya mimea. Bahari iko mbali. Lakini namba zilizoniwezesha, kwa mara ya kwanza maishani mwangu, kukadiria nguvu ya injini inayotakiwa na meli zilitoka katika mji huo, na mpaka leo nikilisikia jina lake huwaza meli.

Nilikuwa mwanafunzi. Tulipewa vipimo vya meli ya mizigo ambayo haipo: urefu, upana, kina chake ndani ya maji, umbo la omo, yaani mbele, na la tezi, yaani nyuma. Swali lilikuwa moja. Ikitakiwa iende noti 15, yaani maili 15 za baharini kwa saa, itahitaji injini ya ukubwa gani? Ni swali linaloonekana dogo mpaka ukae nalo mezani. Ukikadiria pungufu, meli itashindwa kufikia mwendo ulioandikwa kwenye mkataba, na chuma kikishaunganishwa hakuna wa kukibadilisha. Ukizidisha, mwenye meli atabeba mashine asiyoihitaji mpaka meli izeeke.

Mwalimu alitugawia nakala ya makala ya mwaka 1982 iliyoandikwa na J. Holtrop na G.G.J. Mennen, watafiti wa taasisi ya majaribio ya meli iliyoko Wageningen. Ndani yake mlikuwa na fomula zilizofuatana ukurasa baada ya ukurasa. Moja ilianza na namba 2223105, kisha kitu kilichopandishwa kwa kipeo cha 3.78613. Niliziingiza kwenye lahajedwali moja moja, nikakosea, nikarudia, na usiku wa tatu jibu likatoka. Lililonikosesha usingizi baada ya hapo ni swali jingine: nani aliijua 3.78613? Hakuna sheria ya maumbile inayosema hivyo. Namba hiyo ilitoka wapi?

Ilitoka kwenye maji. Nimetumia miaka kadhaa kulielewa jibu hilo, na ndilo ninalotaka kulisimulia hapa.

Chanzo chake kiko Uingereza, kwa mhandisi William Froude, mzaliwa wa Devon mwaka 1810. Alianzia kwenye reli, akifanya kazi na Isambard Kingdom Brunel. Brunel alipokuwa akiijenga Great Eastern, meli ya mita 211 ambayo dunia ilikuwa haijaona mfano wake, alimwomba Froude achunguze jinsi meli zinavyokwenda mrama. Siku hizi neno hilo tunalitumia kwa ndoa, biashara na siasa, ila baharini bado lina maana yake ya asili: chombo kuyumba ubavu kwa ubavu. Mwaka 1861 Froude aliwaonyesha wajenzi wa meli wenzake kwamba chombo kilicho juu ya wimbi hakitafuti kusimama wima kama nyumba. Kinatafuta kusimama sawa na mteremko wa maji yaliyo chini yake. Tena, muda wa wimbi moja hadi jingine ukilingana na muda ambao chombo chenyewe huchukua kuyumba kwenda na kurudi, kila wimbi hukuta kazi ya lililotangulia na kuiongezea, kama mtoto anayesukumwa kwenye bembea. Msomaji aliweke hilo akilini. Tutalikuta tena kwenye makontena, zaidi ya miaka 150 baadaye.

Kisha akaligeukia lile swali la injini. Wataalamu wengi wa wakati wake hawakuziamini modeli, na walikuwa na sababu. Watu walikuwa wamevuta vijimeli vidogo majini kwa miaka mingi, wakazidisha matokeo, wakapata majibu yasiyofanana hata kidogo na meli halisi. Froude alitengeneza modeli za maumbo mawili, akaziita Swan na Raven, kila umbo kwa ukubwa wa futi 3, 6 na 12, na mwaka 1867 akawa anazivuta kwenye mto Dart. Raven ilikuwa na ncha kali, kama nadharia ya siku zile ilivyoagiza. Swan ilikuwa butu zaidi. Kwa mwendo wa polepole Raven ilishinda. Mwendo ulipoongezeka, Swan ikaipita. Kwa hiyo hapakuwa na umbo moja bora kwa kila mwendo, na hilo peke yake lilikuwa habari kubwa. Lakini jicho lake liliona jambo zito zaidi. Modeli ndogo na modeli kubwa za umbo moja zilichora mawimbi yanayofanana kabisa, mradi mwendo wa kila moja uwe umefuata kipeuo cha pili cha urefu wake.

Hapo ndipo ufunguo ulipo. Chukua meli ya mita 100 na modeli yake ya mita 4. Modeli ni ndogo mara 25, na kipeuo cha pili cha 25 ni 5. Basi meli inayokwenda noti 15 huwakilishwa na modeli inayokwenda noti 3, mwendo wa mtu anayetembea bila haraka. Mawimbi yatafanana, na nguvu inayotumika kuyazalisha unaweza kuizidisha kwa 25 mara 25 mara 25, yaani 15,625, ukapata ya meli.

Ila maji hayazuii chombo kwa mawimbi tu. Yanakishika pia kwa msuguano kwenye ngozi yake, na msuguano hufuata sheria nyingine kabisa. Ukitaka msuguano wa ile modeli ya mita 4 ulandane na wa meli, ni lazima uivute mara 25 kwa kasi zaidi kuliko meli, siyo mara 5 polepole zaidi. Hiyo ni noti 375. Modeli itapaa kabla haijapima chochote. Huwezi kuzitii sheria zote mbili kwa pamoja kwenye maji yaleyale, na mpaka leo hakuna taasisi iliyoweza.

Alichokifanya Froude ndicho kinachonifanya nimpende. Hakudai kwamba modeli inasema kweli yote, wala hakuitupa kwa sababu haisemi yote. Aliigawa. Alivuta mbao bapa majini, za urefu wa futi chache hadi futi 50, amezipaka vanishi, nta, mchanga, nyingine amezivika kitambaa, akapima msuguano peke yake mahali ambapo mawimbi ni kama hakuna. Halafu kwenye modeli akaondoa msuguano uliohesabiwa, akakuza kilichobaki kwa sheria ya mawimbi, kisha akaurudisha msuguano uliohesabiwa upya kwa urefu wa meli halisi. Toa, kuza, rudisha. Fomula zimebadilika tangu hapo; mwaka 1957, mkutano wa wenye mabwawa ya kujaribia modeli uliofanyika Madrid ulikubaliana juu ya mstari wa msuguano ambao bado unatumika. Mpangilio wa kazi ni uleule wa Froude.

Kamati ya wataalamu ambayo yeye mwenyewe alikuwa mjumbe wake ilipendekeza majaribio yafanywe kwa kuvuta meli halisi. Froude alikataa kuunga mkono na akatoa maoni yake peke yake. Mwaka 1870 wizara ya jeshi la majini ilikubali kumpa pauni 2,000 ajenge bwawa karibu na nyumbani kwake Torquay, naye akajitolea kazi yake bila malipo. Bwawa lilikuwa na urefu wa futi 278, kama mita 85, limeezekwa, na juu yake kigari kilichopita kwenye reli kikiburuta modeli za nta. Lilianza kazi mwaka 1872. Wakati huohuo meli ya kivita Greyhound ilikuwa imevutwa baharini na meli nyingine, Active, kwa kamba iliyopitishwa kwenye boriti ya pembeni ili isiingie kwenye maji yaliyokwisha kuvurugwa, na upinzani wa maji ukapimwa. Matokeo yakakubaliana na modeli. Froude alifariki mwaka 1879 huko Simon's Town, Afrika Kusini, akiwa safarini kwa ajili ya afya yake, na akazikwa hukohuko. Mwanawe Robert Edmund aliendeleza kazi na kuihamishia Haslar.

Mabwawa mengine yakafuata. Kule Dumbarton, Scotland, kiwanda cha Denny kilijenga la kwake mwaka 1883, na leo ni jumba la makumbusho. Saint Petersburg walipata lao mwaka 1894, na Mendeleev, yule wa jedwali la elementi, alikuwa mmoja wa waliolipigania. Waholanzi nao walikuwa wamewahi mapema mno: Bruno Tideman alivuta modeli kwenye karakana ya jeshi la majini Amsterdam tangu miaka ya 1870. Lakini alifariki mwaka 1883, na taasisi ya kudumu ilisubiri hadi mwaka 1929, serikali na makampuni ya meli yalipoungana kuanzisha kituo cha majaribio ya ujenzi wa meli. Kilifungua milango Wageningen mwaka 1932, mkurugenzi wake wa kwanza akiwa Laurens Troost. Mwaka uliofuata, wakuu wa mabwawa ya nchi mbalimbali walikutana The Hague kukubaliana namna ya kutangaza matokeo yao ili yasomeke na wote. Mkutano huo ndio mzazi wa ule wa Madrid, na unaendelea hadi leo.

Vita viliupitia mji. Wakazi walihamishwa mwezi Mei 1940, wakahamishwa tena mwaka 1944, na mwezi Mei 1945 majemadari walikaa katika hoteli moja ya mji huohuo kujadili namna majeshi ya Ujerumani yatakavyoweka silaha chini nchini Uholanzi. Taasisi ilivuka yote hayo. Tangu miaka ya 1980 inaitwa MARIN.

Sasa tuingie ndani, maana majengo hayana maana bila kazi inayofanyika humo. Bwawa kubwa la kuvutia modeli lina urefu wa mita 250, upana wa mita 10.5 na kina cha mita 5.5. Modeli huchongwa kwa mbao au kwa povu gumu, nyingi zikiwa na urefu wa mita kadhaa, na karibu na omo hubandikwa ukanda mwembamba wenye chenga kama za msasa. Nilipousoma mara ya kwanza, ukanda huo ulinishangaza. Kwa nini uhangaike kulainisha modeli halafu uikwaruze? Sababu ni kwamba kwenye meli kubwa maji yaliyo karibu na ngozi yake huvurugika karibu tangu mwanzo wa omo, ilhali kwenye modeli ndogo maji yanaweza kuteleza kwa utulivu sehemu kubwa ya njia. Utulivu huo ni uongo. Zile chenga huyaamsha maji ili yafanye kama yangefanya kwenye meli.

Kigari huondoka, hufika kwenye mwendo uliopangwa, hupima kwa sekunde chache, husimama. Kisha watu husubiri. Maji yakivurugwa yanakumbuka, na ukiharakisha mvuto unaofuata utapima mabaki ya ule uliopita. Husubiri dakika nyingi mpaka uso utulie, wanalipima joto la maji kwa sababu maji ya baridi ni mazito zaidi kwenye msuguano, ndipo waende tena. Unapoona nukta moja kwenye mchoro wa upinzani wa meli, sehemu kubwa ya muda wake ilikuwa kungoja. Naiheshimu sana subira hiyo.

Baada ya modeli kuvutwa bila mashine, hufungwa rafadha, yaani pangaboi la chini ya maji, na kuachwa ijisukume yenyewe. Rafadha huishi mahali pabaya: nyuma ya tezi, kwenye maji ambayo meli imeshayapunguzia mwendo na kuyachafua. Tena mgongoni mwa bawa lake shinikizo hushuka sana kiasi kwamba maji huchemka yakiwa baridi. Vipovu vya mvuke huzaliwa, husafiri hatua chache, hupasuka kwa ndani, na kila kimoja kikipasuka hugonga chuma. Wahandisi wa Uingereza walikumbana na jambo hili kwenye mashua za kasi za miaka ya 1890, na jina lake, kavitesheni, lilipendekezwa na yuleyule mwana wa Froude. Hula bawa, huleta mtetemo, na kelele zake huenda mbali chini ya bahari.

Kuipima kwa modeli kuna shida yake. Umepunguza meli mara 25, umepunguza mawimbi, lakini hewa iliyo juu ya bwawa ni ileile, inakandamiza maji kwa nguvu zilezile. Vipovu havitazaliwa. Basi mwaka 1972 taasisi ilifungua huko Ede, jirani na Wageningen, bwawa la urefu wa mita 240 na upana wa mita 18 ambalo hewa ya ndani ya jengo lake hunyonywa. Unapunguza meli, kisha unaipunguza na anga. Hata hapo maji hukataa, kwa kuwa maji yaliyokaa kwenye ombwe hupoteza hewa iliyoyeyuka ndani yake na kuwa magumu kupasuka, kwa hiyo mbele ya rafadha hupitishwa umeme majini ili kuzalisha vipovu vidogo vya kuanzia. Mwaka 2012 bwawa hilo liliongezewa mashine za mawimbi, ili kavitesheni ichunguzwe kwenye bahari chafu.

Kazi ya rafadha ndiyo iliyoieneza sifa ya Wageningen kwenye karakana za mbali. Tangu enzi za Troost walitengeneza familia ya rafadha, kila moja ikitofautiana na mwenzake kwa jambo moja: idadi ya mabawa, eneo lake, mwinamo wake. Familia hiyo inaitwa mfululizo B, na ilifikia modeli 120 hivi, zenye mabawa mawili hadi saba. Kila moja ilichongwa, ikazungushwa majini, ikapimwa. Mwaka 1975 Oosterveld na van Oossanen walizikusanya zote kwenye milinganyo miwili, mmoja wenye vipengele 39 kwa nguvu ya kusukuma, mwingine vipengele 47 kwa nguvu ya kuzungusha. Wakaichapisha. Mtu yeyote mwenye kikokotoo angeweza kuchagua rafadha bila kumlipa mtu.

Sasa naweza kulijibu swali la 3.78613. Holtrop na Mennen walikuwa na kabati lililojaa matokeo ya modeli nyingi, za meli za mizigo, za mafuta, za uvuvi, za abiria. Kila moja ilikuwa siri ya mteja aliyelipia. Walizikusanya zote pamoja na kutafuta, kwa takwimu, namba zinazolifanya kundi lote lisimame kwenye mstari mmoja kwa kukosea kidogo iwezekanavyo. Namba zilizotoka hazimtaji mteja wala kuchora umbo la meli yoyote, lakini zimebeba subira ya kila mvuto uliofanyika ndani ya bwawa lile. Kwa maoni yangu hiyo ndiyo kazi kubwa kuliko zote taasisi hiyo iliyowahi kufanya, kubwa kuliko mabwawa yenyewe. Karakana tajiri ingeweza kulipia modeli. Mwanafunzi asiye na bwawa, wala matumaini ya kuliona, alipewa mabwawa yote katika kurasa chache.

Niliahidi kurudi kwenye mrama. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Januari 2019, meli ya makontena MSC Zoe, yenye urefu wa mita 395 na upana wa mita 59, ilipita kaskazini mwa visiwa vya Wadden, kwenye pwani ya Uholanzi, katika dhoruba, upepo na mawimbi vikitoka ubavuni. Makontena 342 yalianguka baharini, na fukwe za visiwa zikajaa vitu vya dukani na plastiki. MARIN iliombwa kusaidia uchunguzi. Walichokionyesha kwa modeli kwenye maji ya kina kifupi kingemfanya Froude atikise kichwa kwa kutambua. Meli pana kiasi hicho, ikiwa haikujaa, ina uthabiti mwingi mno. Ikiinama hurudi wima kwa pupa, na muda wake wa kuyumba unaweza kuangukia kwenye muda wa mawimbi ya dhoruba ya mahali pale. Bembea ileile ya 1861. Tena kwa kuwa bahari hapo haina kina, meli inayoyumba na kupanda na kushuka inaweza kukaribia au kugusa chini, na maji yanayogonga ubavu huruka juu hadi kwenye makontena. Kwa masikio ya mtu wa nchi kavu, uthabiti ni sifa njema tu. Kwa fundi aliyefunga makontena juu ya sitaha, uthabiti uliozidi ndio unaozikata kamba zake.

Siku hizi swali linalowashughulisha watu wa mabwawa ni tanga. Kanuni za kimataifa za ufanisi wa nishati kwa meli mpya zilianza kutumika mwaka 2013, na bei ya mafuta nayo haimhurumii mtu, kwa hiyo wenye meli wanafunga tena nguzo zinazozunguka na matanga magumu kama mabawa ya ndege. Upepo unasaidia, lakini hausukumi mbele peke yake. Unaisukuma meli kando, ikawa inakwenda imepinda kidogo, mkuku ukikata maji kwa pembe, usukani umegeuzwa muda wote kuizuia, na rafadha ikifanya kazi kidogo kuliko ilivyobuniwa.

Nilifungua lahajedwali langu la zamani mwezi uliopita, nikitaka kuijaribu meli ileile ya mazoezi ikiwa na tanga. Fomula za 1982 zinaichukulia meli kuwa inakwenda moja kwa moja. Hakuna mahali pa kuingiza pembe ya kupinda. Kwenye mabwawa modeli zinavutwa sasa hivi zikiwa zimepindishwa digrii chache, kisha digrii nyingine chache, na kila mara watu wanasubiri maji yatulie. Nimeongeza safu moja kwa ajili ya pembe hiyo na kuipa jina. Bado ni tupu.